Mpaka wa Mferejini

Kamati ya mtaa wetu ilikuwa ya watu watano, na aliyeujua mtaa kuliko sote alikuwa Posta. Silo jina alilopewa na wazazi wake, lakini hata marehemu mkewe alikuwa akimwita hivyo. Alikuwa tarishi wa barua kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua nani anaishi wapi, mbwa wa nani anauma, na mlango upi unagongwa kwa teke kwa sababu mwenyewe hasikii. Alipostaafu, miguu yake ilikataa kustaafu. Kila asubuhi alizunguka mtaa mzima mikono mitupu, akisalimia huku na huku, akarudi nyumbani saa nne kama mtu aliyemaliza kazi.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko mwisho wa barabara, hatua chache kabla ya mfereji, na mzunguko wa Posta ulikuwa ukiishia kwangu. Alikaa juu ya rundo la mbao, akanipa habari zote ambazo watu hawaziandiki kwenye barua. Kwa hiyo haya ninayoyasema, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe baadaye, wakati kuficha hakukuwa na maana tena.

Mambo yalianza ofisi ya mipango miji ilipotangaza kwamba mitaa ya zamani itapangwa upya, na kwamba wakazi wenyewe ndio watakaosema mtaa wao unaanzia wapi na unaishia wapi. Aliyeletwa kwetu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, aliyebeba ramani zake ndani ya bomba la plastiki begani. Siku hiyohiyo watu wakambandika jina: Bi Ramani. Alituita katika darasa moja la shule ya mtaa siku ya Jumamosi, akaunganisha madawati manne, akatandaza ramani yake juu. Pembe zilikuwa zinajikunja. Akaweka kifutio cha ubao kwenye pembe moja, kopo la chaki kwenye ya pili, halafu akavua viatu vyake na kuviweka kwenye mbili zilizobaki. Tukacheka, naye akacheka, akaendelea na kazi peku.

"Mstari mtakaouchora nyinyi ndio tutakaoufuata," alisema. "Ndani yake tutajenga mifereji, njia, taa, tutapima viwanja. Nje yake hatugusi kitu. Basi msichore kwa pupa."

Pande tatu hazikuwa na ubishi: barabara ya lami, ukuta wa kiwanda cha nguo, na reli ya zamani isiyopita treni. Kazi ilikuwa upande wa nne, wa mfereji. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na safu moja ya nyumba kumi na tisa, zimebanana chini ya tuta la udongo lililo nyuma yake. Watu wa safu ile walinunua unga kwetu, watoto wao walisoma kwetu, na msiba ukiingia kwao tulikwenda na viti vyetu. Sasa je, mpaka ukomee mferejini na kuwaacha nje, au uzunguke nyuma ya safu na kuwachukua?

Mwenyekiti wetu alikuwa mwenye duka la dawa. Tulimwita Daktari, ingawa udaktari wake wote ulikuwa ni koti jeupe. Yeye alitaka wabaki nje.

"Tukiwabeba wale, mpango mzima utazama nao," alisema. "Kule ni matope matupu."

Msusi, mwanamke pekee katika kamati, akamjibu kwamba matope yale yanatoka kwetu huku juu, wale wanayapokea tu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, akasema yeye anasikiliza kwanza. Mimi nikasema hivyohivyo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunamsubiri Posta. Kutoka safu ile hakukuwa na mjumbe hata mmoja, na wahenga walishasema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini binti wa Posta, mwanawe wa pekee, alikuwa ameolewa kule. Wote tulidhani tunajua mzee atasema nini.

Posta hakusema kitu siku ile. Alisema anahitaji kwenda kupatazama tena.

Katikati ya wiki Bi Ramani alimwomba amtembeze mpakani, nao wakapita mbele ya karakana yangu wakizungumza. Walipofika ukingoni, Posta akamuuliza nyumba zilizo karibu na maji zitafanywaje. Yule mama hakumficha.

"Zikiwa ndani ya mpango, kanuni ni mita kumi na tano kutoka ukingoni. Zilizo karibu zaidi ya hapo zitatiwa alama na kuondolewa. Wenyewe watapewa viwanja kule juu, karibu na reli."

"Na zikiwa nje?"

"Nje hatuna mkono, mzee wangu. Zitabaki kama zilivyo."

Bi Ramani alipoondoka, Posta alirudi peke yake. Akavuka kidaraja cha magogo cha pale mferejini, akasimama ukingoni, akahesabu hatua mpaka kizingiti cha binti yake. Hatua kumi na moja. Akarudia, akidhani amehesabu vibaya. Kumi na moja. Akarudia mara ya tatu akihesabu kwa sauti kama askari wa gwaride, na mara ya tatu pia ilikuwa kumi na moja.

Nyumba ile mkwewe aliijenga kwa miaka minane. Kijana alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kila aliporudi safari aliongeza mistari miwili ya matofali, akampiga mkewe picha amesimama kando ya ukuta, akaondoka tena. Kwenye picha za kwanza ukuta ulikuwa unafika magotini. Kwenye za mwisho binti alikuwa dirishani.

"Wanasema watampa kiwanja," Posta aliniambia baadaye sana. "Kiwanja cha kwenye karatasi. Mimi nimebeba karatasi maisha yangu yote, ndugu yangu. Najua zinavyopotea njiani."

Hakumuuliza binti yake. Hilo ndilo mpaka leo linanikera. Alikuwa umbali wa kidaraja kimoja tu, na hakumuuliza.

Kikao cha kupitisha mpaka kilijaa mpaka madirishani. Watu wa safu ya chini walikuja wamevaa nguo zao za kutokea. Binti wa Posta hakuwapo, alikuwa zamu kiwandani. Aliyesimama kuwasemea alikuwa dobi mmoja tuliyemwita Mama Pacha, ingawa pacha wake walishakua na kuondoka, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko yangu. Alikuwa akifulia nusu ya mtaa wetu, na nyumbani alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, kikongwe aliyepigwa na kiharusi, aliyekuwa hawezi hata kugeuka kitandani bila kugeuzwa.

"Mwenyekiti," alianza, "koti lako jeupe hulala kwangu kila Ijumaa. Likilala kule, huwa ni la mtaa gani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Daktari alijaribu kucheka pia, ikamshinda.

"Mimi nimeambiwa kuhusu hizo mita," Mama Pacha akaendelea, na sasa hakukuwa na mzaha. "Nyumba yangu iko hatua saba kutoka kwenye maji. Naambiwa nikiingia mpangoni nitaondolewa. Niondoeni! Mama yangu hawezi kukimbia. Maji yakija saa nikiwa sipo, nani atambeba? Nipeni hicho kiwanja cha juu hata kama ni cha mawe matupu, nitalala juu ya mawe." Akageuka, akamtazama Posta. "Baba, wewe shahidi. Umetuletea barua tangu sijaolewa. Kwenye bahasha zetu palikuwa pameandikwa mtaa gani?"

Hata watoto wa dirishani walimgeukia mzee. Lilikuwa swali la mtu anayejua jibu, na sisi sote tulikuwa tunalijua, au tulidhani tunalijua. Bi Ramani akainua kalamu. Kama kuna mtu mmoja ambaye neno lake kuhusu anwani lilikuwa na uzito, ni yule mzee.

Posta alisimama polepole, akishika dawati.

"Barua za ng'ambo," alisema, "zilikuwa zikija kwenye fungu la mtaa wa pili. Mimi nilizipeleka kwa kuwa ni karibu na njia yangu. Kwa hesabu za posta, mtaa huu unaishia mferejini."

Mama Pacha akaketi. Nadhani alijitilia shaka mwenyewe. Mtu akijua kitu miaka yote, halafu mwenye kukijua zaidi akasema sivyo, hata wewe ungetafuta wapi ulipokosea.

Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wanne tulisema mpaka upite mferejini. Msusi peke yake alikataa. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile minne, na sitasema kwamba nilidanganywa tu. Neno la Posta lilinirahisishia. Karakana yangu ilikuwa upande wa ndani.

Kazi ilianza miezi mitatu baadaye. Mfereji ukasafishwa, na kwenye ukingo wetu ukajengwa ukuta wa zege unaofika kiunoni. Upande wa pili hakukujengwa kitu, kwa sababu upande wa pili haukuwa ndani ya mpango. Mifereji midogo ya mtaa mzima, iliyokuwa zamani ikizubaa vichochoroni, sasa ilinyooshwa na kumwaga maji yote pale. Vichochoro vyetu vikakauka. Tukasifiana. Daktari akapaka duka rangi mpya.

Msusi alikuja siku moja karakanani kuchukua stuli aliyoniagiza, akasimama akiutazama ule ukuta.

"Shemeji," aliniambia, maana mke wangu ni wa kwao, "maji ukiyazuia huku, huenda wapi?"

Nikamwambia stuli yake iko tayari.

Mvua kubwa ilinyesha mwaka wa pili. Ilianza alfajiri, na saa tatu asubuhi nilikuwa karakanani napiga randa mlango wa mteja nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni lori linalomwaga kokoto. Nilipotoka nje niliona mfereji umejaa mpaka ukingo wa ukuta wetu, na huku kwetu hakuna hata tone lililovuka. Upande wa pili maji yalikuwa yamepanda ukingo, yanatembea baina ya nyumba kama mtu anayejua anakokwenda. Kile kidaraja hakikuwapo tena.

Posta alikuwa amefika kabla yangu. Alisimama nyuma ya ukuta, amelowa na mvua tu, akiita jina la binti yake.

Binti alikuwapo nyumbani siku hiyo, zamu yake ilikuwa ya mchana. Tulimwona akitoka mlangoni, maji magotini, akiwapandisha wanawe wawili kwenye tuta la udongo nyuma ya safu. Posta akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, amepona." Halafu tukamwona anashuka tena.

Mama Pacha alikuwa amepanda kwetu tangu saa mbili kupeleka nguo zilizopigwa pasi. Binti wa Posta alijua hilo. Alikuwa jirani yake.

"Rudi!" Posta alipiga kelele. "Mwanangu, rudi juu!"

Sijui kama alisikia. Aliingia nyumba ya hatua saba. Akakaa humo muda ambao siwezi kuupima. Alipotokea alikuwa amembeba kikongwe mgongoni, amemfunga kwa shuka kama mtoto mchanga, na maji yalikuwa kiunoni. Alipiga hatua mbili nje ya mlango. Ndipo ukuta wa mbele ukalala. Haukuanguka kwa kishindo, ulilala tu, kwa sababu matofali ya chini yalikuwa yamegeuka udongo.

Nilimshika Posta shati kwa nyuma asiruke. Alinipiga kiwiko cha pua, nikaendelea kumshika. Ng'ambo ile wanaume wawili wa safu walimfikia binti, wakamvuta. Alitoka mkono umevunjika mahali pawili. Kikongwe walimtoa baadaye, shuka bado limefungwa.

Mama Pacha alifika nyuma yetu akiwa na kapu tupu kichwani. Tulipogeuka na kumwona, hakuna aliyehitaji kumwambia.

Tulizika. Kamati ilihudhuria, Daktari akatoa hotuba yenye maneno "kazi ya Mungu" mara nyingi kuliko ilivyopendeza. Wiki mbili baadaye watu wa safu walidai mpaka ufunguliwe, na Bi Ramani akaja tena darasani na bomba lake la ramani. Safari hii hakuvua viatu.

"Ninaumia pamoja nanyi," alisema. "Lakini mpaka ukishatangazwa, haufunguliwi kabla ya miaka mitano, isipokuwa ithibitike kwamba ulipitishwa kwa taarifa zisizo za kweli. Na hapa," akafungua faili, akasoma mwandiko wa mwalimu mkuu, "imeandikwa: wajumbe wameafiki mpaka wa mfereji kwa ushahidi wa tarishi mstaafu, aliyeeleza kwamba barua za ng'ambo hazikuwa za mtaa huu."

Binti wa Posta alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkono kwenye plasta. Nilimwona anainua kichwa. Hakusema neno mbele za watu, yeye alilelewa vizuri. Kikao kilipokwisha alimfuata baba yake mpaka karakanani kwangu, maana mzee alikuwa amejibanza huko.

"Baba," alisema, "siku ya harusi yangu ulinikabidhi barua zangu zote ulizokuwa umenitunzia. Zote ziliandikwa mtaa huu. Na zilizokuja nikiwa ng'ambo pia. Kwa nini uliwaambia vile?"

Posta alikuwa anatazama maranda sakafuni. "Wangeibomoa nyumba yako. Nilipima. Hatua kumi na moja."

"Ulinipimia mimi."

"Mumeo alijenga miaka minane, mwanangu. Uchungu wa mwana..."

"Usiniambie uchungu wa mwana!" Sauti yake ilipasuka. "Mimi nilimfunga yule bibi mgongoni. Alikuwa anapumua shingoni kwangu. Angekuwa kule juu karibu na reli, amelala, kama si nyumba yangu. Na hukuniuliza. Ungeniuliza, Baba, ningekwambia ibomoeni."

Posta alinyoosha mkono amguse bega lililo zima. Binti akarudi nyuma hatua moja, akatoka.

Siku ya tatu Posta aliniomba nimsindikize kwa Mama Pacha. Mama huyu alikuwa amehamia kwenye chumba cha jiko la jirani, na tulimkuta uani anafua. Posta alisimama mbele ya beseni, akamweleza yote, bila kujitetea: swali, jibu, hatua kumi na moja. Alipofika mwisho alikuwa analia. Mama Pacha alikuwa hajaacha kufua. Alikamua shuka, akalikung'uta, akalianika, ndipo akamtazama.

"Machozi yako siyahitaji, mzee. Maji ninayo ya kutosha hapa. Yule mwanamke amesema ithibitike kwamba taarifa ilikuwa ya uongo. Basi andika."

"Nitaandika."

"Andika na jina lako kamili. Siyo Posta."

Aliandika palepale, juu ya ubao wa kupigia pasi. Ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wake mzuri. Mimi nikatia saini kama shahidi, na chini ya saini nikaongeza kwamba mkono wangu pia ulinyooshwa. Daktari alipopata habari alikuja kunifokea karakanani mbele ya watu, kwamba tumeuza mtaa. Wengi walikuwa upande wake. Kuna nyumba ambazo Posta alizipelekea barua miaka thelathini, na sasa alipopita asubuhi akisalimia, hazikuitikia. Baada ya mwezi akaacha kuzunguka.

Ofisi ilichukua miezi tisa kujibu. Jibu lilisema mpaka utasogezwa nyuma ya safu, ukuta wa pili utajengwa, na nyumba zilizo ndani ya mita kumi na tano zitaondolewa. Wakati huo kati ya nyumba kumi na tisa zilikuwa zimebaki nane. Watu wengine walikuwa wameshaondoka kwenda wasikokujua, na wasiokuwapo hawakupewa kiwanja. Mama Pacha alipata chake, karibu na reli, cha mawe matupu.

Binti hakusubiri kubomolewa. Mumewe alirudi safari, wakaipangua nyumba yao wenyewe kwa siku nne, tofali kwa tofali. Siku ya pili Posta alikuja, akaanza kubeba bila kuambiwa. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemsemesha. Siku ya mwisho aliuliza matofali yapelekwe wapi. Binti alimjibu akiwa amempa mgongo: "Kwa Mama Pacha." Posta alikodi mkokoteni akayapeleka, safari kumi na mbili, akayapanga vizuri. Mama Pacha aliyapokea. Alijenga chumba na ukumbi, na bado anafua, ila nguo za Daktari hafui.

Binti na mumewe walihamia mji mwingine. Posta yuko peke yake, na mimi ndiye ninayempitia sasa kila asubuhi kabla ya kufungua karakana. Binti hunipigia simu mara moja kwa mwezi kumuulizia hali.

"Hajambo, ila amedhoofu," ninamwambia. "Mpigie mwenyewe, mwanangu. Simu anayo."

Hapo huniuliza kama mvua imeshaanza huku.